Kwa Baba, Fundi wa Majokofu, Uliyebaki Gatini

Mwaka umetimia, Baba, tangu mlima wa moto wa kisiwa kile ulipolipuka ukakuchukua.

Miaka thelathini na moja ulitengeneza majokofu ya watu, na letu likakaa bovu mpaka siku uliyostaafu. Wateja wako bado wanapiga simu. Ukishapenda kitu ulikuwa hushikiki. Ulinunua boti kuukuu, ukaleta matanga yake sebuleni kuyashona, na kwa miezi minne sote tukala tumepakata sahani. Mama aliibatiza boti ile Mke Mwenza. "Huyu anapakwa rangi kila mwezi," alisema, "mimi hata wanja sijanunuliwa." Ulicheka mpaka sindano ikakuchoma.

Mkaondoka na boti hiyo ninyi wawili, Mama akiwa hajui kuogelea, kichefuchefu kikimwandama hadi pwani ya nchi ya tatu. Mlipita bandari ambazo majina yake yalitushinda kuyatamka. Mlinunua mkate kwa kunyoosha vidole. Mkafika kwenye visiwa vya milima ya moto, vyenye mchanga mweusi tititi. Kwenye simu Mama alikuwa na sauti ya msichana. Hatukuwahi kumsikia hivyo, na hatujamsikia tena.

Kila mlipotia nanga ulimkumbusha sheria yako moja: mmoja akishuka, mwingine anabaki na boti. "Mlima ukichafuka usinisubiri. Itoe boti baharini. Haya, irudie." Naye aliirudia, kila kituo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Asubuhi ile ulishuka kutafuta mpira wa pampu ya kutolea maji botini. "Narudi chai haijapoa," ulimwambia. Mlima ukalipuka. Mama aliangalia gatini, hukuwepo. Majivu ya moto yalipoanza kutoboa tanga alikata kamba ya nanga, akawasha injini, akaitoa boti, bila kukosea hata kitu kimoja. Waliokuja baadaye walikukuta umekaa ukingoni mwa gati, mpira mpya mkononi. Daktari alisema ni ule moshi wenye sumu. Ulikuwa umefika gatini, Baba, boti ikiwa imeshatoka.

"Nimemwokoa mke mwenza, nikamwacha mume," Mama alituambia siku aliyorudi. Mjomba, mdogo wake, akamwambia kwamba angengoja mngekufa wote wawili. "Najua," akajibu, akaenda kuosha vyombo.

Alikonda mpaka tukaogopa. Ndipo tukatunga uongo, na leo tunauungama mbele yako na mbele ya watu. Tulimwambia Mama kwamba mlinzi wa gati amepiga simu, akasema uliiona boti ikiwa mbali ukasema, "Vizuri sana, mke wangu." Mama alitutazama mmoja mmoja.

"Baba yenu hajawahi kuniambia 'vizuri' tangu anioe," alisema. "Kazi ikimridhisha husema, 'Haivuji.'"

Sisi wanao wa kuzaa, tuliokulia kwenye karakana yako, tukalisahau neno hilo! Tangu hapo hatujamtungia lingine. Anakula akiwekewa. Boti imefungwa bandarini, hataki iuzwe wala hataki kuiona.

Juzi tulimsomea tangazo hili la kumbukumbu. Tulikuwa tumeandika kwamba alikupoteza. "Sikumpoteza," alisema. "Nilijua alipo. Nilimwacha. Andikeni hivyo au msiniandike." Tulibishana naye hadi chakula kikapoa, kisha tukafuta.

Unakumbukwa na wanao wanne, wakwe zako, wajukuu zako saba, shemeji yako, na fundi mwenzako wa karakana ambaye hadi leo hajakalia kiti chako. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu. Unakumbukwa pia na mke wako, aliyekuacha kama ulivyomfundisha.