Farasi wa Mbao Hawakuwa Zawadi

Mjukuu wangu Neema,

Amani ikufikie huko Goma. Hapa Kasongo shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike. Mimi kifua kinanibana, lakini mkono bado unaandika.

Umeniuliza kama ni kweli kampuni ya pamba iliwapa watoto ile bustani ya michezo yenye farasi wa mbao wa kuzunguka. Si kweli. Ni mimi niliyedanganya.

Kampuni ilipouza mali yake yote, mimi, karani wake, ndimi niliyemtembeza patron mpya, tajiri aliyeinunua. Alitaka kila chuma, hata mashine ya kuzungusha farasi, kipelekwe kwenye mgodi wake wa Kabambare. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepaka rangi juu ya jina la kampuni kwenye kila farasi.

"Na hii?" akauliza.

"Hii iko ya watoto, patron. Kampuni iliwapa."

Amuri, mlinzi, alinusa rangi mbichi, akakohoa. "Ndiyo, patron. Hata mimi nikitaka kukalia farasi, naomba ruhusa kwao."

Patron akacheka, akapita. Kampuni mbili zimemfuata, na kila moja iliambiwa hivyo hivyo na watu walioamini kabisa.

Nimetubu mengi kanisani. Hili nimeshindwa kulijutia. Ila sitaki nife ukiishukuru kampuni bure. Juzi wamefika wanunuzi wengine, wanauliza tena bustani ni ya nani, na miguu yangu hainifikishi pale. Wewe unayesoma sheria, njoo uwatafutie watoto karatasi ya kweli kabla mtu hajaikwangua ile rangi.

Babu yako