Aliyeishika Saa ya Baba

Mama yangu mpendwa,

Chamgei, Mama. Goti linasemaje? Kaka Kiprotich ameniambia mvua imerudi Kimulot na majani ya chai yanakuja kwa wingi, kwa hiyo najua mikono imechoka. Mimi ni mzima hapa Japani. Baridi imeanza, nami navaa ile sweta ya kijani ya Baba niliyobeba tulipotoka kumzika. Sijaifua, bado ina moshi wa jikoni kwetu.

Aliniambia na jambo lingine, usimkasirikie. Kwamba siku hizi huamki mapema, ng'ombe wanalia mpaka jua linatoka, na pikipiki ya maziwa imekuacha mara nyingi. Nilikuwa na wasiwasi kwamba unaumwa na unatuficha. Halafu kazini kukatokea kitu, nikaelewa.

Unajua naandika programu za kompyuta. Ofisi yetu inahudumia wazee wanaoishi peke yao. Mzee anavaa kidude shingoni, akianguka anakibonyeza na ombi linamfikia muuguzi. Programu inasubiri dakika moja. Muuguzi asipojibu, ombi linapelekwa kwa jirani. Sehemu hiyo ya kusubiri niliiandika mimi, wiki niliyorudi kutoka mazishini.

Mwezi uliopita mzee mmoja alianguka jikoni. Alibonyeza mara moja, akaamini wamesikia, kumbe muuguzi hakujibu na jirani hakupata ombi. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka saa sita, binti yake alipomletea supu. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Mkubwa wetu alipouliza ni nani aliyeandika sehemu ile, nilisema ni mimi. Akanipa mpaka Ijumaa nitafute kosa, la sivyo kazi hiyo apewe mwingine.

Siku mbili nilisoma mistari ileile bila kuona kitu. Nikijaribu ombi moja, linaenda vizuri kabisa. Siku ya tatu nilikuwa nakunywa chai ya huku, ambayo ni ya kijani na haina maziwa wala sukari, Baba angeuliza ni nani aliyesahau. Hapo nikakumbuka ile saa yake ya kengele, iliyokaa juu ya kabati la vyombo.

Usiku mmoja uliitega saa kumi na moja, uamke ukamue. Mimi nikaja nyuma yako nikaitega saa kumi na mbili kwa sababu ya mtihani wa darasa la nane, sikujua nimefuta yako. Maziwa yakabaki. Ukauliza, "Nani ameshika hii saa?" Nikasema Kiprotich. Baba alijua, akacheka tu chini ya kofia.

Nikaweka kikombe chini. Programu yangu ilikuwa na saa moja ya wazee wote! Ukitaka kompyuta ikumbuke kitu, unakipa jina. Ukiliweka jina ndani ya ombi la mtu, ni la huyo peke yake. Mimi nililiweka nje, maombi yote yakawa yanalifikia. Mzee alipobonyeza, dakika yake ilianza kuhesabiwa. Kabla haijaisha, mama mmoja upande wa pili wa mji naye akabonyeza, saa yake ikakaa mahali pa ile ya mzee, na ya mzee ikafutika. Hakukuwa na chochote kilichokumbuka kwamba bado anasubiri.

Nilihamisha mstari mmoja tu, nikauingiza ndani. Tukatuma maombi manne kwa pamoja, na kila moja likasubiri dakika yake, likaenda kwa jirani wake. Mwenzangu akasema konokono wa bustani yao angemaliza mapema kuliko mimi. Jumamosi nilienda kumwomba mzee msamaha. Kijapani changu ni cha kuokota, lakini hili nililisikia vizuri. Alisema, "Niliendelea kuangalia mlango."

Mama, baada ya asubuhi ile Baba hakutaka saa itegwe tena. Alituamsha mwenyewe, mmoja mmoja. Kiprotich alimvuta blanketi, mimi alinigonga unyayo. Wewe sikujua, mpaka siku moja nikapita mlangoni nikamsikia akisema polepole, "Mama Chebet, ng'ombe wanakuuliza."

Miaka yote hiyo. Si uvivu, Mama, wala huumwi. Ni kwamba hakuna anayekuita.

Barua hii ikifika, mwambie Kiprotich anijulishe, na ulale na simu karibu na mto. Saa kumi na moja yenu huku ni saa tano, tunapumzika kazini. Nitakupigia kila asubuhi. Sitasema mengi, nitasema tu ng'ombe wanakuuliza. Ukijibu umesikia, nakata, uende. Simu hiyo ni yako peke yako. Kiprotich ana mke, avutwe blanketi na mkewe.

Msalimie bibi yetu, Kogo, umwambie soksi alizonifumia ninazo miguuni. Msalimie shangazi wa Siongiroi na majirani waliotuchumia chai siku za matanga. Na yule mzee wa pikipiki ya maziwa, mwambie asikupite tena, utakuwa barabarani.

Kongoi, Mama, asante kwa yote.

Ni mimi binti yako Chebet, niliyeishika ile saa.