Dizeli ya Kisima

Jumatano, jioni

Nimesema nilichokusudia kwenye baraza la kijiji nililoliongoza leo. Nilianza kwa kuwatambua mchungaji, naibu wa chifu, wazee, kisha kina mama wa kisima, ambao kwa haki wangetangulia.

Vita viko mbali na Mbooni, lakini vimezuia meli za mafuta, na pampu ya kisima chetu imebakiwa na pipa moja la dizeli. Mutua, mwenye kinu cha posho, alitaka nusu yake.

"Mwalimu, kwani watu watakula maji?"

"Na wewe utasonga ugali kwa mate?" Mama Syombua, mmoja wa kina mama wa kisima, alimjibu. Hata Mutua alicheka.

Nakiri naogopa. Paneli za sola za kuendesha pampu zimefika mjini Tawa, lakini lori haliwezi kupanda njia yetu. Dizeli ikiisha kabla hazijafungwa, tutarudi kuchimba maji mchangani.

Hata hivyo nilipouliza nani anakubali dizeli yote ibaki kisimani, mikono yote iliinuka, na Mutua akawatoa punda wake wabebe paneli. Sijawahi kujivunia watu wetu namna hii.

Nikatangaza: dizeli ni ya kisima pekee, mahindi tutayatwanga yatoke maganda tupike muthokoi kama mama zetu, na Jumamosi ni mwethya, kazi ya pamoja, kila nyumba itoe mtu wa kupandisha paneli mlimani.