Viatu vya Kocha

Jumapili, Al Mankhool

Kwamba eti sasa mimi ni kocha. Vijana wa timu yetu ya walinzi wa majengo wameamua hivyo leo asubuhi, kwa sababu ya goti langu. Kiprop hata ameshaniomba viatu vyangu vya mpira. Nimeudhika sana.

Nikiwa zamu mlangoni, Madam Ileana, yule bibi Mromania wa ghorofa ya tatu, akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Akasema baba yake alicheza mpira kwao wakati wa vita vya pili vya dunia, mechi zikikatizwa na ndege za mabomu. Baadaye akawa kocha, lakini kila mechi alikaa benchi amevaa viatu vya mpira, kamba zimefungwa.

“Aliwahi kuingia, madam?”

“Hata mara moja. Ila wachezaji walipenda kumwona yuko tayari.”

Namshukuru Mungu kwa huyu mama. Goti bado linanitia hofu, maana kampuni ikijua nachechemea, sijui kama visa yangu ya kazi huku ugenini...

Basi. Ijumaa tunacheza na timu ya Jebel Ali, na viatu nimeshavisafisha. Kiprop akanunue vyake.