Bajeti Iliyosahau Baridi

Shikamoo Kaka Magesa, mtaalamu wa bajeti wa mtaa wetu wa Kitaji,

Hongera. Ulisema mshahara wa kiwandani huku Poland uishie kwenye kodi ya chumba, chakula nitoke nacho Musoma, na kweli begi zima lilikuwa dagaa. Jana nikawakaanga kwa mara ya kwanza. Mama mwenye nyumba, anayeishi juu yangu, akashuka mbio ameziba pua, akafungua madirisha yote na kuniashiria yakae hivyohivyo. Nje theluji inaanguka.

Hapo ndipo nikajua kitu ambacho wewe, msafiri mkubwa uliyewahi kufika hadi Bunda hapo jirani, hukukiweka kwenye hesabu: huku joto la chumbani linalipiwa kila mwezi, kama umeme, na langu lote lilitokea madirishani. Dagaa wako ni wa bure, ila kuwala kunanigharimu kuliko nyama.

Na sisi tulikuwaga tunahamisha mkeka kukimbia jua!

Mwambie mama nakula vizuri. Usimwambie nakula nimevaa koti, maana atauza mbuzi anitumie blanketi, halafu atakuomba wewe umpigie bajeti.

Nawapenda, hata wewe.

Nyamisi