Vidonge vya Mdogo Wako

Furaha, binti yangu,

Heri wewe huko uliko hakuna pua, maana kinachonuka nyumbani kwangu kingekufikia. Anayeandika ni mdogo wako Vestine. Mi unajua kalamu sikuishika hata siku moja. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale yanayomchoma yeye mwenyewe. Andika, Vestine. Na usilie juu ya karatasi, utaichafua.

Mambo yamebadilika, mwanangu. Dawa ile tuliyoililia, wewe ukiwa umebaki mifupa, sasa iko kwenye kituo cha afya pale chini, bure. Vestine anaimeza kila jioni baada ya habari za redio. Ungemwona! Ana makalio. Anauza isambaza, vile visamaki vya ziwani, kule Rubona, anagombana na wavuvi mpaka wanampunguzia bei ya samaki ili anyamaze. Kila nikisikia anafungua kopo lake, naibariki dawa ile. Nataka ulijue hilo kabla sijaanza kutukana.

Sasa Fabrice, mwanao. Amekuwa kijana mzuri, ana meno yako, anabeba abiria kwa pikipiki mpaka Nyamyumba. Damu yake safi. Na kwa sababu ni safi, anaichezea.

Nilimsikia kwa masikio yangu. Nachambua maharage nyuma ya jiko, yeye na wenzake wanaosha pikipiki. Mmoja anamuuliza kama yule mwanamke wa baa alipimwa. Fabrice akacheka. "Kupimwa nini, bwana? Siku hizi hiyo ni kama malaria tu. Ikikupata unameza, unanenepa kama Tantine!" Wakacheka wote, wanamcheka Vestine, mama yake mdogo. Mwingine akasema, bon, presha ndiyo mbaya, unakatazwa mpaka chumvi. Na mipira? Eti hiyo ni ya wazee. Furaha, nilitema mate chini. Tulizika nusu ya mtaa ili hawa wapate kichekesho?

Na siyo mwisho. Mwezi uliopita muuguzi alimwita Vestine. Virusi vimepanda tena. Anamuuliza, unameza kila siku? Vestine akachukua kopo lake, akaja zake. Nyumbani nilimkalia kooni mpaka akasema. Kumbe kila Jumamosi, Fabrice akienda kunywa kule ziwani, anampitia: "Tantine, nipe kimoja cha kujikinga." Naye anampa! Sikukuu ikifika, anampa zaidi. Anavitoa kwenye kopo kama pipi, kisha yeye mwenyewe anakaa bila. Nikamuuliza, we una akili? Akanijibu: "Mama, mtoto wa dada yangu marehemu, nitamnyimaje?"

Ndivyo tulivyo. Yatima wa nyumba hanyimwi kitu, hata ukilala njaa. Lakini huu ni upendo gani, wa kumpa mtu uhai wako akaumezee na bia?

Muuguzi aliposikia alishika kichwa. Akasema kwa wazima iko dawa yao ya kinga, wanaipata pale pale kituoni, wanapimwa kwanza, wanafuatiliwa. Siyo kuomba kidonge cha mgonjwa siku ya ulevi. Donc kijana angeweza kuomba chake. Hakuomba, kwa sababu anaogopa kuonekana kwenye foleni. Aibu anaijua kwenye foleni, kitandani haijui.

Nikamburuta kupimwa. Hana kitu. Nilipiga magoti palepale mbele ya watu. Nainuka, namkuta mjukuu wangu anatabasamu. "Nyogokuru, unaona? Vilifanya kazi." Kinyaa kilinipanda mpaka kwenye ulimi.

Ndiyo maana jioni ile nilivunja neno lako. Uliniomba nimwambie kwamba ulikufa kwa mapafu, na tangu anatambaa nimekuwa nikisema mapafu, mapafu. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamwambia yote. Kwamba ulinuka ukiwa hai, na nzi walijua. Kwamba nilikubeba mgongoni kwenda chooni, wewe mtu mzima, mwepesi kuliko dumu la maji. Kwamba ulikuwa unalia yeye mwanao aletwe, na akiletwa unageukia ukuta asiuone mdomo wako ulivyooza. Kwamba Vestine alizunguka mji mzima akikutafutia hiyo dawa ambayo yeye Fabrice anaichezea, akarudi mikono mitupu.

Hakulia. Alisema tu, "Mlinidanganya." Akawasha pikipiki. Leo siku ya pili hajaja kula.

Nisamehe au usinisamehe, neno limeshatoka. Siwezi kutunza siri ya maiti na kumpoteza aliye hai. Vestine sasa anameza mbele yangu, na akimaliza namfungua mdomo naangalia, kama mbuzi sokoni. Amekasirika sana, ndiyo maana mwandiko umepinda hapa. Fabrice akirudi, chakula chake kiko. Asubuhi yake tunakwenda kituoni kuomba dawa yake mwenyewe, na mipira yake, na nitasimama naye kwenye foleni nimeshika sikio lake ili kila mtu ajue ni wa kwangu.

Lala, mama yangu. Mi nikifika nitakusalimia vizuri, tutakaa. Lakini nakuahidi, huyu hatanitangulia. Na kama siku moja ukimwona anakuja peke yake, mchanga bado, anacheka na meno yako, usimkumbatie. Mpige kofi. Mrudishe kwangu.

Mimi mama yako