Hata Ulikate Panga

Zaitun, acha kupika, soma! Kaka yako Bushiri kapigwa dukani kwake hapa Tarime. Kapigwa na BEGI!

Si unamjua Waisiko, mama wa kwetu Kemambo? Kesho anapanda ndege kwa mara ya kwanza, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Kaja kutafuta begi dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, jepesi lakini gumu.

Bushiri na mdomo wake: "Mama, hili hata ulikate panga halipasuki!"

Hata ulikate panga! Sisi watu wa Kemambo ukituambia kata, tunakata!

Na Waisiko ametoka sokoni kununua panga. Akalichomoa kwenye gazeti, akalishusha pwaa! Begi likapasuka kama tikiti.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Bushiri akamkaba koo.

Waisiko akadondosha panga, akanyakua begi lingine, la bluu, akamtwanga nalo kichwani. Bushiri akayumba. Akamtwanga tena, Bushiri akaenda chini, damu usoni.

Waisiko, huku anahema, akalinyanyua lile la bluu kwa kidole kimoja, akaligeuza huku na huku.

"Hili ni jepesi. Na ni gumu. Nachukua hili."

Njoo hospitali, kaka yako anashonwa. Begi halina hata mkwaruzo.